Kushuka Kibumba: chukudu, Land Cruiser na kazi ya breki

Mkaaji wa Goma akisikia kishindo cha mbao juu ya mawe asubuhi mapema, hana haja ya kuuliza ni kitu gani. Ni chukudu inashuka. Imetoka Kibumba ao Kibati, kaskazini ya muji, imebeba kabichi, viazi, poaro ao magunia ya makala. Mwenye kuiongoza amepiga goti moja juu ya ubao, na mguu wa pili uko tayari kusukuma ao kukanyaga breki.

Ulaya na Marekani kuna watu wanaolipa maelfu ya dola kwa kinga ya kushukia milima siku ya Jumapili, kwa raha. Kazi ileile ya kushuka juu ya mawe inafanywa Goma tangu miaka ya 1970 na chombo cha mbao kisicho na pedali wala mnyororo, na kinashuka na mzigo unaoweza kupita uzito wa watu watano. Kwenye barabara hiyohiyo kunapita Fuso zilizoongezwa springi, Land Cruiser zilizoinuliwa juu, na vijana wachache wenye kinga za VTT. Vyombo ni mbalimbali, lakini mlima ni mmoja, na wote unawauliza swali moja: utasimama namna gani?

Mbao, pine na panga

Chukudu ilizaliwa Kivu wakati maisha ya Zaire ya Mobutu yalipoanza kuwa magumu. Baada ya mali ya wageni kukamatwa na serikali mwaka 1973, na bei ya shaba kuanguka muda kidogo nyuma yake, magari, vipuri na mafuta vilianza kukosekana vijijini. Mkulima alikuwa na viazi, muji ulikuwa na njaa, na katikati kulikuwa barabara ya kushuka. Wengi wanasemaka jina lenyewe limetokana na mlio wa magurudumu ya mbao yakigonga mawe.

Chukudu ya kawaida ina urefu wa mita mbili hivi. Mwili wake unachongwa katika miti migumu, sana sana mumba, na sehemu nyingine katika mikaratusi. Fundi hatumii mashine nyingi: panga, shoka, nyundo, misumari, na jicho lililozoea. Magurudumu ni ya mbao, katikati yanatiwa beringi za chuma, na kwa inje yanavikwa ukanda wa pine ya zamani unaopigiliwa misumari. Pine ya Fuso ikiisha kufa barabarani, hapo ndipo inapata maisha ya pili. Mbele kuna usukani mpana, na kwenye chukudu nyingi springi inasaidia kupunguza mapigo ya mawe. Juu ya ubao kunawekwa kipande cha mpira ao godoro kwa ajili ya goti, maana bila hicho mtu hatamaliza mwaka mmoja wa kazi akiwa anatembea vizuri.

Kilo 300 ao 400 si mzigo wa kushangaza juu ya chombo hiki. Bido za njano zinazochotewa maji ziwani zinaonyesha hesabu vizuri: bido moja ni lita 20, yaani kilo 20, na bido 15 ni kilo 300 tayari. Chukudu kubwa zinabeba zaidi. Fundi anayejua kazi anamaliza moja ndani ya siku chache, na kwa miaka mingi bei yake imekuwa kati ya dola 50 na 100, ao kupita hapo kwa zile kubwa. Kwa familia nyingi huo ni mtaji unaolipa karo za watoto. Ndiyo maana mwaka 2009 muji ulipata sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa na Rais Joseph Kabila, na rond-point ile inaitwa hivyo mpaka leo.

Tena, chukudu inafaa sana kwa udongo wa Goma. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto ulifunika sehemu kubwa ya katikati ya muji na kukata uwanja wa ndege. Ulipopoa uliacha mitaa mizima ikikaa juu ya mawe meusi yenye makali. Gurudumu la hewa linachanika pale. Gurudumu la mbao halina hewa ya kupoteza. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatema tena, uji ukafika Buhene karibu na uwanja wa ndege na kukata barabara ya Goma-Rutshuru. Njia ilipofunguliwa upya juu ya mawe yale, chukudu zilirudi kazini kana kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya siku hiyo.

Kipande cha mpira chini ya kisigino

Sasa breki. Kwenye chukudu ni kipande cha pine kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwenye kuendesha anakikanyaga, mpira unasuguana na mpira, mwendo unapungua. Hakuna kamba wala mafuta ya breki. Wengine wanaongeza soli ya kiatu chao, wanaiburuza chini.

Hesabu yake inatisha kidogo. Chukudu yenye kilo 400 za mzigo, na mtu wa kilo 70 juu yake, ikishuka mita 100 za kimo (kimo, si mwendo), inaachia nguvu ya jouli karibu 460,000. Joto hilo lingechemsha lita moja ya maji baridi na bado lingebaki. Sehemu moja inaliwa na mawe na magurudumu yenyewe. Inayobaki inapaswa kuishia mahali fulani, na mahali hapo ni kile kipande cha mpira. Kwa hiyo harufu ya mpira unaoungua kwenye mteremko si ajabu. Mpira ukipata moto unalainika, unashika vibaya, kiisha unachanika. Mvua ikinyesha ndiyo mbaya zaidi, maana maji yanaingia katikati ya breki na gurudumu, na chombo kinaendelea kuteleza wakati mguu umekanyaga mpaka mwisho.

Kusema ukweli, breki ya chukudu ni ndogo kuliko kazi inayopewa. Wazoefu wanajua, ndiyo sababu wanashuka kwa vipande: wanaanza kukanyaga kabla chombo hakijashika mbio, hawangoji kona. Mzigo wanaupanga chini na karibu na nyuma, maana uzito ukikaa juu ya gurudumu la nyuma, breki inashika vizuri, na ukikaa mbele usukani unakuwa mzito na nyuma inaruka. Wengi wanatembea kwa vikundi, ili penye kupanda mmoja avute na wawili wasukume. Kijana anayetaka kuonyesha mbio mbele ya wengine anaharibu mpango wote, na mara nyingi anayelipa ni mama aliyekaa kando ya barabara na beseni yake ya nyanya.

Wamarekani waliokutana na tatizo hilohilo

Miaka ileile chukudu ilipokuwa inaanza Kivu, kikundi cha vijana huko Marin, kaskazini ya San Francisco, kilikuwa kinateremka milima na kinga za zamani, nzito, zenye pine nene, zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940. Breki yake ilikuwa ya kukanyaga pedali kinyumanyuma, na yote ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza kwenye njia moja karibu na Fairfax, inayoshuka karibu mita 400 ndani ya kilomita tatu na kitu. Wakifika chini, grisi ndani ya kitovu ilikuwa imeungua yote na inatoa moshi. Kila baada ya kushuka ilibidi kufungua na kujaza grisi mpya, na kazi hiyo ya kujaza upya ndiyo iliyoipa njia jina lake, Repack.

Katika kundi lile walikuwemo Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze. Mambo ya kwanza ambayo Fisher aliongeza kwenye kinga yake ni vitesi, breki za ngoma na mikono ya breki ya pikipiki. Mwaka 1977 Breeze alitengeneza fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 1979 Fisher na Kelly walifungua biashara ya kuuza kinga hizo, fremu zikichomelewa na Tom Ritchey. VTT zote zinazouzwa duniani leo zina damu ya kazi ile.

Ritchey huyohuyo alifika Rwanda mwisho wa mwaka 2005, akaona kinga za mbao ambazo Wanyarwanda wanaziita ibicugutu, ndugu wa chukudu. Alizipenda sana. Mwaka 2006 kulifanyika Rwanda shindano lililoitwa Wooden Bike Classic, ambamo kinga za mbao na za chuma zilipewa nafasi pamoja, na yeye akatengeneza kinga ndefu ya chuma ya kubebea kahawa. Katika mwendo huo ulioanza na mbao ndipo alipotokea Adrien Niyonshuti, aliyeshindana katika mbio za kinga za mlima kwenye Michezo ya Olimpiki ya London 2012. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya kinga za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Kutoka Goma mpaka pale ni saa chache za gari, wakati mpaka uko wazi.

Gari lililoinuliwa

Kwenye magaraji ya Goma, gari linalopendwa kuliko yote kwa njia mbaya ni Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa 1984. Walinzi wa hifadhi ya Virunga wanaitumia, mashirika ya misaada vilevile. Sababu ni nyepesi. Ile yenye moteri ya diesel ya 1HZ, lita 4.2 na silinda sita, haina kompyuta ya kuharibika msituni. Pine zake za 7.50R16 zinakaa juu ya rimu ya vipande, na fundi wa kando ya njia anaweza kuifungua kwa nyundo na vyuma viwili. Tahadhari moja: rimu ya namna hiyo ikijazwa hewa bila kukaa sawasawa, ule mduara wa chuma unaweza kuruka kama risasi. Anayejaza asisimame mbele yake.

Mteja akileta gari kwa fundi, kwa kawaida anaomba vitu vitatu: springi za kuongeza, pine kubwa, na kuinuliwa. Kila kimoja kina faida, na kila kimoja kinakula breki.

Springi kwanza. Kuongeza chuma kimoja ao viwili kwenye springi za nyuma kunazuia gari kukaa chini likipakia. Lakini springi haiongezi nguvu ya ekseli, ya fremu, wala ya ngoma za breki. Gari lililotengenezwa kubeba tani moja, likiongezwa springi, linabeba mbili bila kuonekana limelemewa, na hapo ndipo hatari inaanza: jicho la polisi wa barabara halioni kitu, shoferi naye anasahau. Fuso nyingi za njia ya Masisi zinaishi hivyo.

Pine kubwa zinapandisha gari juu ya mawe, kweli. Lakini ukiongeza upana wa duara lake kwa sehemu moja ya kumi, kutoka sentimita 80 kwenda 88, breki zinapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zao chini, na mshale wa mwendo unaanza kudanganya: ukisoma kilomita 60 kwa saa, ukweli ni 66. Kuinua gari kunapeleka uzito juu, na gari refu linapinduka mapema kwenye kona na kwenye barabara iliyoinama.

Ile bomba ya hewa inayopanda kando ya kioo haifai kwa mito peke yake. Inavuta hewa ya juu, mbali na vumbi, na vumbi la volkano linakula moteri polepole kama msasa. Ila mtu akitaka kuvuka maji ya kufika kifuani, bomba hiyo haitoshi. Lazima difu nazo ziwe na mipira ya kupumulia iliyopandishwa juu, la sivyo maji yanaingia kwenye mafuta, na fundi atayaona baadaye yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kuhusu presha ya pine, wale waliosoma kwamba njia mbaya inataka pine ipunguzwe hewa wakumbuke kwamba ushauri ule ni wa matope na mchanga. Kwenye mawe ya Nyiragongo, pine iliyolegea inatoa ubavu wake inje, na ubavu ndio unaochanika.

Breki ni kitu ambacho wateja wachache wanaomba. Bitana mpya, mafuta ya breki yaliyobadilishwa kabla hayajavuta maji, ngoma zilizosafishwa matope: haya yote yanagharimu kidogo kuliko pine nne kubwa, lakini hayaonekani kwenye picha. Dawa iliyo bora kuliko zote kwenye mteremko haina bei. Shoferi anashuka na vitesi vilevile ambavyo angepandia, moteri inalizuia gari, breki zinapumzika. Yule anayetoa vitesi na kuzima moteri ili abane mafuta anajiondolea vitu vitatu kwa mara moja: moteri haizuii tena, msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mzito. Kwenye gari la breki za hewa, hewa iliyotumika hairudi tena, maana pampu yake inazungushwa na moteri.

Njia za kinga, na hewa isiyoonekana

Kwa vijana wanaopanda VTT kama mchezo, mengi ya hapo juu yanawahusu, kwa kipimo kidogo. Kinga ya mtumba inayofika sokoni mara nyingi ina rangi nzuri, amortisa ya mbele isiyofanya kazi, na mpira wa breki uliokauka kama mti. Pesa ya kwanza iende kwenye mipira ya breki na kamba zake, kiisha pine pana. Breki ya diski inashika vizuri zaidi kwenye matope, maana iko mbali na rimu, lakini mtu aulize kwanza kama vipande vyake vinapatikana mjini.

Kuna mambo mawili ambayo mwongozo wa kinga uliochapishwa Ulaya hautayasema. La kwanza ni mazuku. Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Sake na kando ya ziwa, gesi ya kaboni inatoka ardhini na kukaa kwenye mabonde madogo. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala chini usiku, na asubuhi kabla ya jua na upepo ndipo inapokuwa nyingi. Mtu aliyesimama anaweza asisikie kitu, na aliyelala pembeni yake afe. Mwenye kinga aliyechoka asitafute kivuli kwenye shimo. Akiona ndege, mbuzi ao mbwa waliokufa fasi moja bila jeraha, apande juu mara moja, asishuke kuangalia. Na kama mwenzake ameanguka ndani, kumfuata bila kamba na msaada kunaongeza maiti wa pili.

La pili ni mabomu yaliyobaki. Mapigano yamepita Kibumba, Kibati, Sake na pembeni za Goma zaidi ya mara moja. Njia inayokanyagwa kila siku na wakulima ndiyo ya kupita. Ile ya mkato inayovutia katikati ya nyasi ndefu iachwe. Mtu akiona chuma asichokijua, asikiguse. Aweke alama mbali nacho na kumjulisha mkubwa wa mtaa.

Wanaobeba sasa

Mwezi Oktoba 2022, M23 ilipokamata Rutshuru na Kiwanja, barabara ya kaskazini ilifungika. Kibumba nako kukawa uwanja wa vita, na chukudu zilizozoea kushuka na viazi zikakosa njia. Waliozimiliki wengi walikuwa wenyewe wakimbizi Kanyaruchinya. Bei ya makala na ya mboga mjini ilionyesha haraka ni mzigo gani ule uliokuwa unapita juu ya magurudumu ya mbao. Mwezi Januari 2025 vita ikaingia Goma yenyewe.

Kwenye barabara za lami za katikati, chukudu ina mashindano magumu. Motari anachukua magunia mawili kwa haraka, na pikipiki za magurudumu matatu zinachukua kumi. Lakini Fuso ikifika karibu na soko la Virunga ao mashua ikifika Kituku, mzigo bado unapaswa kuingia kwenye vichochoro ambavyo uji wa 2002 uliviacha na mawe kama meno, fasi gari haligeuki. Pale magunia yanateremshwa kutoka kwenye lori na kupangwa upya juu ya mbao, makubwa chini, na mwenye chombo anainama kwanza kuangalia kipande cha mpira cha nyuma kimebaki unene gani, kabla ya kukubali bei.